Kupima usomaji wa watoto kwa kishikwambi: hatua kwa hatua, na pale ambapo wengi tunachemka

Juzi mwalimu mwenzangu wa darasa la kwanza kaniuliza, hivi hicho kishikwambi unachokaa nacho barazani na mtoto mmoja mmoja kinafanya nini hasa? Nikamwambia kinahesabu sekunde na kinajumlisha, basi. Akacheka, kumbe siku zote alijua kinamsikiliza mtoto. Hakisikilizi. Sikio ni lako wewe mwalimu, na karibu makosa yote nitakayoyasema hapa chini yanaanzia pale mtu anaposahau hilo.

Naandika kwa mwalimu wa darasa la kwanza mpaka la tatu ambaye ana kishikwambi, iwe ni kile cha sensa ya 2022 tulichogawiwa baadaye au cha kwake mwenyewe, au hata ana simu tu na laptopu ya ofisi, na anataka kujua watoto wake wanasogea kusoma au wamekwama palepale, bila kungoja upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili mwisho wa mwaka wakati muda wa kurekebisha umeshaisha.

Kipimo tunachokifuata kinaitwa EGRA (Early Grade Reading Assessment, yaani upimaji wa kusoma kwa madarasa ya chini), kilianza kutengenezwa 2006 na RTI International, taasisi ya utafiti ya Marekani, kwa ufadhili wa USAID, shirika la misaada la Marekani, na hapa Tanzania kilitumika kitaifa 2013 kwa watoto wa darasa la pili. Mtoto anasoma kwa sauti dakika moja, wewe unaweka alama, halafu unamuuliza maswali. Ndo hivyo tu. Hao RTI pia ndo waliotengeneza Tangerine, programu ya bure ambayo inaweka hilo zoezi zima kwenye kishikwambi na inafanya kazi bila intaneti. Kenya kwenye Tusome, mradi wa kufundisha kusoma ulioanza 2015, maafisa waliokuwa wanatembelea madarasa walitembea nayo shule hadi shule.

Kuna aina nyingine ya mitihani ya kompyuta, ile mtoto anakaa mwenyewe mbele ya skrini anabonyeza majibu, akipata swali linalofuata linakuwa gumu, akikosa linashuka. Marekani wanaitumia sana. Kwa darasa la sita sina neno, ila kwa mtoto wa miaka 7 ambaye hajawahi kushika mausi utakuwa unapima uwezo wa kushika mausi. Tuachane nayo.

Hatua ya 1: Amua unapima nini, na usipime kila kitu

Vipengele viko vingi: sauti za herufi, silabi, maneno ya kawaida, maneno ya kubuni, hadithi fupi, ufahamu. Mimi kwa darasa zima nachukua vitatu tu: silabi, hadithi na maswali ya ufahamu. Maneno ya kubuni, yale kama "ledu" au "fopami" yasiyo na maana yoyote, nayatumia kwa mtoto ninayemshuku anasoma kwa kukariri, kwa sababu neno hajawahi kuliona popote hawezi kulikumbuka, lazima aunganishe silabi. Waambie na walimu wenzako mapema kwamba hayo maneno yameandikwa hivyo makusudi, maana mimi karatasi yangu ilishawahi kurudi kutoka ofisini imesahihishwa kwa peni nyekundu.

Hatua ya 2: Tunga hadithi tatu zenye uzito sawa

Hapa ndo kwenye kazi, na hapa ndo watu wanaruka. Unahitaji hadithi ya Januari, ya Juni na ya Oktoba. Ukitumia moja mwaka mzima, Oktoba unapima kumbukumbu, na ukichukua kutoka kwenye kitabu cha kiada unapima nani ana kitabu nyumbani.

Lenga maneno 55 hadi 60 kwa hadithi, sentensi fupi, mambo ya hapa kwetu. Kwa Kiswahili usiishie kuhesabu maneno, hesabu na silabi. "Baba" ni neno moja na "hawakumwonyesha" nalo ni neno moja, sasa ukijaza ya aina ya pili kwenye hadithi ya Oktoba utaona darasa limerudi nyuma kumbe uliwawekea mlima. Kwa sababu hiyohiyo usilinganishe kasi ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kenya wenyewe walipoweka viwango vya darasa la pili waliweka maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, sio kwamba watoto wanakijua Kiingereza zaidi, maneno yetu ni marefu. Kwetu kiwango kilichowekwa kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika na ufahamu wa asilimia 80.

Mfano, hii ni nusu ya hadithi yangu moja, maneno 29:

"Juma ana kuku mweupe. Kuku huyo hutaga kila siku. Jana kuku hakuonekana bandani. Juma alimtafuta nyuma ya nyumba. Alimkuta amelala chini ya mwembe. Chini yake kulikuwa na mayai tisa."

Sasa maswali. Swali langu la kwanza kabisa miaka hiyo lilikuwa "Kuku hutaga nini?" Watoto wote wakapata, mpaka wasiojua hata silabi, nikafurahi sana. Hakuna mtoto kijijini asiyejua kuku anataga mayai! Swali linalojibika bila kusoma litoe. Uliza "Juma alimkuta kuku wapi?" au "Mayai yalikuwa mangapi?" Yawe matano, manne yenye majibu ndani ya hadithi na moja la kufikiri, kama "Kwa nini kuku hakuonekana bandani?" ambalo hadithi haisemi wazi, mtoto aseme alikuwa anataga kule au analalia mayai, yote sawa. Majibu utakayoyakubali andika kabla, usije ukawa mkarimu asubuhi na mchana ukawa mkali kwa sababu ya njaa.

Hadithi zikiwa tayari zijaribu kwa watoto kama kumi wa mkondo mwingine au shule jirani, wasome zote tatu siku moja. Kama moja wote wanaisoma kwa kasi zaidi au wote wanajikwaa, irekebishe. Halafu printi kwa herufi kubwa, nafasi ya kutosha kati ya mistari, na uilamineti. Mtoto anasoma kwenye karatasi, kishikwambi kinabaki kwako. Mtoto asione unachobonyeza, akiona kila akikosea kidole chako kinashuka ataanza kusoma uso wako badala ya hadithi.

Hatua ya 3: Kifaa

Ukiwa kwenye mradi wenye Tangerine utakuta kila kitu kimepangwa: maneno yanakaa kwenye visanduku, unaanzisha saa mtoto anapotamka neno la kwanza, sanduku la neno alilokosea unaligusa linabadilika rangi, ukigusa tena linarudi. Dakika ikiisha skrini inakustua kwa rangi nyekundu, unagusa neno la mwisho alilofikia.

Kama huna, usikate tamaa, mimi nilianza na stopwochi ya simu, karatasi yenye hadithi ileile ninayoikatia mistari kwa penseli, na Excel jioni. Safu wima ni: namba ya mtoto, tarehe, neno la mwisho alilofikia, makosa, sekunde alizotumia, maswali aliyopata. Inatosha.

Mengine ni ya kawaida: chaji usiku, weka kifaa kwenye hali ya ndege ili simu ya mjomba isiingie katikati ya hadithi, ongeza mwanga wa skrini ukiwa nje, na ufute vumbi la chaki kwenye vidole maana skrini inagoma na wewe unadhani umeweka alama kumbe haijaingia.

Hatua ya 4: Ratiba

Darasa langu lina watoto 88. Mtoto mmoja kwa hadithi na maswali ni kama dakika nne ukijumlisha kumwita na kumtuliza, kwa hiyo 88 mara 4 ni dakika 352, karibu masaa sita. Hakuna siku ya hivyo. Napima 11 kwa siku, siku nane, wakati wengine wana kazi ya kuandika au mwalimu mwenza kanishikia darasa. Kama hata hilo haliwezekani chukua sampuli: fungua daftari la mahudhurio, anza na namba yoyote kati ya 1 na 4, kisha chukua kila mtoto wa nne, utapata 22. Usichague kwa macho. Tukichagua kwa macho wote tunachukua wanaokaa mbele.

Hatua ya 5: Pima sikio lako kwanza

Kaeni walimu wawili, mtoto mmoja asome, kila mmoja aweke alama zake bila kuchungulia za mwenzake. Halafu linganisheni neno kwa neno. Kama hadithi ina maneno 60 na mmetofautiana kwenye 9, mmekubaliana 51, ambayo ni asilimia 85. Lengo ni 90 kwenda juu, yaani tofauti zisizidi 6. Sisi mara ya kwanza tulitofautiana 14, na tumefundisha pamoja miaka! Ubishi ulikuwa kwenye vitu hivi, kwa hiyo kubalianeni mapema:

Mtoto akikosea akajirekebisha mwenyewe, amepata. Akirudia neno, halihesabiwi mara mbili wala sio kosa. Akiruka neno ni kosa, akiruka mstari mzima yote yaliyomo ni makosa. Akikwama kwenye neno sekunde 3 mwambie kwa upole "endelea", hilo umhesabie amekosa. Akisoma silabi moja moja, "ku... ku", halafu asiunganishe, amekosa, akiunganisha mwishoni "kuku" amepata. Na lafudhi sio kosa. Mtoto anayesema "amerara" kwa sababu kwao ndo wanavyosema kakisoma kilichoandikwa, usimkate alama kwa lugha ya mama yake.

Hii ya lafudhi ndo tuliyobishana kuliko zote, mwenzangu alisema Kiswahili sanifu ni sanifu. Nikamuuliza, tunapima kusoma au tunapima kutamka? Akanyamaza, ila nadhani hajakubali mpaka leo.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Tafuta sehemu ambayo wengine hawasikii. Narudia, hawasikii. Mwaka wangu wa kwanza niliweka meza chini ya mti karibu na uwanja wa netiboli, upepo mzuri, kivuli kizuri. Wa kwanza kasoma, wa pili kasoma, ilipofika wa nane hivi mtoto ambaye najua kabisa silabi za "mwe" zinamshinda akaanza "Juma ana kuku mweupe" mbiombio, macho yako kwangu, hata karatasi hajaiangalia. Wenzake walikuwa wamekaa nyuma ya mti wanasubiri zamu na hadithi imeshaingia kichwani kama wimbo. Nikatupa alama za siku nzima.

Mtoto akija, msalimie, muulize anaitwa nani nyumbani, alikula nini, mpaka mabega yashuke. Kuna mmoja aliniuliza, "Mwalimu, unanipiga picha?" Nikamgeuzia skrini nikamwonyesha saa inayohesabu, nikamwambia hii ni saa tu, na huu sio mtihani wa kukupa namba ya ngapi darasani, nataka nijue nikufundishe nini. Ndo akaanza kusoma. Wakiona kifaa wengi wanadhani ni mambo ya serikali au hospitali.

Saa ianze anapotamka neno la kwanza, sio ulipomwambia "anza". Akimaliza kabla ya dakika, simamisha hapohapo, sekunde zilizobaki ni za muhimu kwenye hesabu. Na kama mstari wa kwanza mzima hajapata hata neno moja, msimamishe kwa upole, mwambie ahsante, muulize kitu anachokijua ili aondoke ameshinda kitu. Tangerine inasimama yenyewe hapo, kwenye karatasi ni roho yako.

Maswali ya ufahamu muulize ya sehemu aliyofikia tu. Aliyeishia "bandani" usimuulize mayai. Ila alama yake bado ni kati ya matano, kwa wote hivyohivyo, mara zote tatu. Na ficha karatasi kabla ya kuuliza au iache wazi, hilo ni uamuzi wako, lakini ukificha Januari ficha na Oktoba.

Unaposikiliza usisaidie. Usitikise kichwa. Hii ni ngumu kwetu sisi kuliko kwa msaidizi wa mradi aliyetoka mjini, kwa sababu sisi ni walimu, mtoto akikwama midomo yetu inaanza kutamka silabi yenyewe. Mimi nauma kalamu.

Hatua ya 7: Hesabu

Neno la mwisho alilofikia toa makosa, gawa kwa sekunde alizotumia, zidisha kwa 60. Mtoto aliyefika neno la 31 dakika ikaisha, makosa 5, ana maneno sahihi 26 kwa dakika. Aliyemaliza maneno yote 58 kwa sekunde 48 na makosa 6 ana 52 gawa kwa 48 mara 60, sawa na 65. Kwenye Excel kama neno la mwisho liko C, makosa D, sekunde E, andika =(C2-D2)/E2*60 halafu buruta chini.

Ila buruta fomula peke yake! Mimi niliwahi kuburuta na safu ya C bila kujua, ikajaza 58 kwa watoto wa chini wote, na mtoto mmoja ambaye "baba" inamtoa jasho akatokea na maneno 58 kwa dakika. Jina lake lilikuwa tayari kwenye karatasi ya pongezi ya kikao cha wazazi. Bahati nzuri nililiona asubuhi yake. Tangu hapo kabla sijampa mtu yeyote namba napanga safu kutoka kubwa kwenda ndogo, naangalia watano wa juu na watano wa chini, najiuliza kama sura zao zinaendana na hizo namba. Isipoendana, rudi kwenye karatasi, na ikibidi mwite mtoto tena.

Hatua ya 8: Soma namba kama mwalimu

Wastani utakudanganya. Tuseme Januari wastani ulikuwa 21 na Juni ni 27, unashangilia, halafu unahesabu waliopata sifuri unakuta walikuwa 14 na bado ni 14. Maana yake waliokuwa wanajua wamekimbia na waliokuwa wamekaa wamekaa. Kwa hiyo mimi naanza na sifuri kila mara, wangapi na ni nani, ndo wastani baadaye. Na linganisha watoto walewale tu, waliopimwa mara zote mbili, kwa sababu Juni ukikuta watoro hawapo wastani unapanda wenyewe bila wewe kufundisha chochote.

Mtoto kutoka 31 kwenda 29 hajashuka. Labda alikuwa na mafua, labda kuku wa jirani alipita. Tofauti ya maneno matatu manne usiipigie kelele, angalia kama inaendelea kwenye upimaji unaofuata.

Makundi yangu ni haya, ni yangu sio ya wizara. Wa sifuri wanarudi silabi za konsonanti na irabu, dakika 20 kila asubuhi kabla ya kengele. Wa 1 mpaka 20 shida yao karibu kila mara ni silabi mwambatano, "mbwa", "nywa", "ng'o", na hii unaiona ukirudi kuangalia ni maneno gani yamekatwa na wengi. Kwenye hadithi ya Juma ni "mweupe" na "mwembe". Ndo faida kubwa ya kuweka alama neno kwa neno, inakwambia somo la Jumatatu. Wa 21 mpaka 40 wanahitaji kusoma tu, vitabu vingi, wawili wawili. Na wale wa juu ya 40 usiwaache, wapo wanaosoma kama mtangazaji wa redio wa taarifa ya habari, 60 kwa dakika, ukimuuliza kuku alikuwa wapi anakuangalia tu. Hao fundisha kusimama kwenye nukta na kusimulia walichosoma kwa maneno yao.

Kuhusu wazazi, mimi simpi mzazi namba ya maneno kwa dakika, atakwenda kulinganisha na mtoto wa jirani. Namwita, mtoto anasoma mbele yake hadithi ya Januari ambayo hatutaitumia tena, namwonyesha alipoishia mwanzo wa mwaka na alipofika sasa hivi. Kuna bibi mmoja alichukua ile karatasi akaishika kichwa chini miguu juu, akawa anafuatilia tu sauti ya mjukuu wake, akaomba arudie.

Na faili lenyewe: tumia namba, sio majina, orodha ya majina iwe kwenye daftari lako kabatini. Usilitupie kwenye grupu la WhatsApp la walimu, taarifa za watoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo sheria, mtoto wa sifuri hahitaji kujulikana na kata nzima. Kama ulirekodi sauti kwa ajili ya mazoezi ya hatua ya 5, omba ruhusa ya mzazi na ukimaliza futa. Nakala moja ya faili iwe kwenye flashi, maana vishikwambi vinaanguka.

Hadithi ya Oktoba usiifungue kabla, hata kwa kuwafundishia kipindi ambacho umeishiwa la kusema, na zile karatasi za lamineti ukimaliza zihesabu, moja huwa inabaki kwa mtoto.